Kupitisha Data Bila Waya Kutoka Kitovu cha Turbini ya Upepo Hadi Naseli: Mwongozo kwa Mafundi

Katika turbini ya upepo, sehemu inayohitaji kuangaliwa kwa karibu kuliko zote ndiyo iliyo ngumu kuunganishwa kwa waya. Mapanga matatu na kitovu kinachoyashika huzunguka usiku na mchana, ilhali kompyuta inayoendesha mtambo imo ndani ya naseli, yaani kile chumba kilicho juu ya mnara pamoja na giaboksi na jenereta, au iko chini kabisa mlangoni. Waya wa kawaida hauwezi kuvuka mpaka huo, kwa sababu ungejisokota na kukatika katika mizunguko michache ya mwanzo. Kwa hiyo watengenezaji wengi hutumia slipuringi, ambazo ni pete za metali zinazozunguka pamoja na shafti huku zikiguswa na kaboni au nyuzi laini za metali, na kupitia hizo umeme na data huvuka kwenda kitovuni na kurudi.

Slipuringi hufanya kazi, na si nia ya mwongozo huu kuzikashifu. Hata hivyo, rota, yaani mapanga pamoja na kitovu, inayozunguka mara 12 kwa dakika hukamilisha mizunguko 17,280 kwa siku, ambayo ni zaidi ya milioni 6 kwa mwaka ikiwa upepo haukatiki, na kila mzunguko husaga kidogo. Vumbi la kaboni hujikusanya, mafuta ya giaboksi hupenya, unyevu hutua juu ya pete, na matokeo yake ni hitilafu za mawasiliano zinazokuja na kutoweka bila mpangilio unaoeleweka. Fundi anapotaka kuongeza vihisi (vifaa vya kupimia) vipya kwenye mapanga, mara nyingi hukuta pete za data zimekwisha tumika zote. Hapo ndipo redio inapokuwa na faida.

Suala hili si la nchi za mbali peke yake. Wilayani Mufindi, mkoani Iringa, turbini tatu zenye jumla ya megawati 2.4 zilianza kufua umeme mwaka 2020, na eneo la Makambako, mkoani Njombe, limetajwa kwa muda mrefu katika mipango ya mashamba makubwa zaidi ya upepo. Mafundi watakaoihudumia mitambo hiyo watatoka Iringa, Mbeya na Njombe, na itawafaa kuielewa kazi hii kabla ya kukutana nayo wakiwa juu ya mnara.

Hatua ya kwanza: Amua ni data ipi itakayopita hewani, na ipi isiyopaswa kupita

Gawa data za kitovuni katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la usalama: amri ya kusimamisha mtambo kwa dharura, na ile ya kugeuza mapanga ili yasikamate upepo. Fungu hili libaki kwenye waya na slipuringi kama mtengenezaji alivyolipanga. Mfumo wa kugeuza mapanga huwa na akiba yake ya nguvu kitovuni, iwe betri, kapasita kubwa au mtungi wa mafuta yenye shinikizo, ili mawasiliano yakikatika mapanga yajigeuze yenyewe hadi karibu nyuzi 90 na rota ipunguze mwendo. Usiuguse utaratibu huo, na usiunganishe redio yako mahali popote ambapo hitilafu yake inaweza kuuzuia.

Fungu la pili ni la uangalizi: mkazo kwenye mashina ya mapanga, mtikisiko, joto la beringi za mapanga, hali ya betri za akiba. Data hizi zikichelewa kwa sekunde moja hakuna atakayeumia, na ndizo zinazofaa kupita hewani.

Kisha piga hesabu ya wingi wake, kwa sababu wengi hudhani ni kubwa kuliko ilivyo. Chukua mapanga matatu, kila moja likipimwa mkazo katika pande mbili, yaani jumla ya vipimo sita. Panga kubwa huyumba kwa kasi ya karibu mara moja kwa sekunde, hivyo kusoma kila kipimo mara 100 kwa sekunde kunatosha na kubaki. Kila usomaji ukichukua biti 16, jumla ni biti 9,600 kwa sekunde. Redio ndogo za vihisi zinazofuata kiwango cha IEEE 802.15.4 hubeba biti 250,000 kwa sekunde hewani. Kasi, basi, si tatizo la kazi hii. Tatizo ni kwamba mawimbi hukatika kwa mpangilio unaofuata mzunguko wa rota, na karibu kila uamuzi katika hatua zinazofuata unatokana na jambo hilo.

Hatua ya pili: Chora njia ambayo wimbi litapita

Kabla ya kununua chochote, chukua michoro ya mtambo husika na uchore mstari kutoka mahali redio ya kitovuni itakapofungwa hadi mahali redio ya naseli itakapokaa. Kitovu ni chuma cha kusubu chenye kuta nene, na wimbi la redio halipenyi chuma. Litatokea kwenye matundu tu: tundu la mtu kuingilia, nafasi zinazozunguka mashina ya mapanga, na mianya midogo kwenye mifuniko. Kofia ya mbele inayokifunika kitovu, kwa upande mwingine, kwa kawaida hutengenezwa kwa nyuzi za kioo na resini, na nyenzo hiyo hupitisha mawimbi bila shida. Ganda la naseli nalo mara nyingi ni la nyuzi za kioo, ingawa baadhi huwekewa wavu wa metali kwa ajili ya radi, na wavu huo hubadilisha hesabu yote. Uliza, usikisie.

Wapo wanaopendelea kupitisha wimbi ndani ya shafti yenyewe. Kwenye mitambo mingi yenye giaboksi kuna bomba jembamba linalopita katikati ya shafti kuu kutoka nyuma ya giaboksi hadi kitovuni, na wazo la kulitumia huvutia kwa sababu bomba hilo liko kwenye mhimili wa mzunguko. Lakini bomba la metali lililo tupu halipitishi wimbi ambalo ni refu mno kwa kipenyo chake. Kwa bomba la duara, mpaka ni urefu wa wimbi usiozidi mara 1.7 ya kipenyo cha ndani. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa karibu sentimita 12.5, kwa hiyo linahitaji bomba lenye kipenyo cha ndani kisichopungua sentimita 7.3 hivi. Wimbi la gigahezi 5.8 linatosheka na sentimita 3 na kitu. Wimbi la megahezi 868 linataka sentimita 20, bomba ambalo hulipati ndani ya shafti ya mtambo wa kawaida. Bomba la sentimita 6 litalizima wimbi la gigahezi 2.4 ndani ya nusu mita, hata kama redio yako ni bora kiasi gani. Nyaya zikiwamo ndani ya bomba hesabu hii hubadilika, kwa kuwa waya na ukuta wa bomba kwa pamoja huweza kulibeba wimbi, lakini matokeo yake hayatabiriki kwa urahisi na lazima yapimwe.

Ushauri wangu ni kuiweka antena ya kitovuni nje ya chuma, chini ya ile kofia ya nyuzi za kioo au nyuma ya kitovu upande unaotazama naseli, na kuiunganisha na kisanduku cha redio kwa kebo fupi ya koaksia. Kuihamisha antena mita moja ni kazi ndogo kuliko kupambana na chuma.

Hatua ya tatu: Chagua masafa na redio

Masafa ya gigahezi 2.4, kuanzia megahezi 2,400 hadi 2,483.5, ndiyo yenye vifaa vingi na vya bei nafuu. Hakikisha kifaa unachonunua kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kwamba nguvu yake haizidi kiwango kinachoruhusiwa. Kuagiza kifaa kilichotengenezwa kwa masharti ya nchi nyingine kunaweza kukuletea usumbufu bandarini na baadaye.

Ikiwa naseli tayari ina Wi-Fi, panga mapema mikondo, yaani vipande vya masafa ambavyo kila redio itatumia. Wi-Fi hutumia zaidi mikondo ya 1, 6 na 11, na redio za 802.15.4 zinaweza kujipenyeza katikati au pembeni mwake kwenye mikondo ya 15, 20, 25 na 26. Kigeuzi cha umeme cha jenereta hutoa kelele nyingi, lakini sehemu kubwa ya kelele hiyo iko kwenye masafa ya chini sana kuliko gigahezi 2.4. Madhara yake huonekana zaidi kwenye nyaya za vihisi na za umeme kuliko kwenye wimbi lenyewe, na dawa yake ni nyaya zenye ngao pamoja na kichujio kwenye njia ya umeme.

Zipo njia nyingine za kuvusha data bila mguso, kama viungo vya faiba vinavyozunguka na koili mbili zinazotazamana. Ni nzuri, lakini nyingi hutaka kufungwa kwenye mhimili wenyewe, mahali ambapo kwa kawaida slipuringi imeshakaa. Kwa mtambo uliokwisha simama, redio ndiyo njia isiyokulazimisha kuifungua shafti.

Hatua ya nne: Panga antena ukizingatia kwamba mojawapo inazunguka

Hapa ndipo kazi hii inapotofautiana na kufunga Wi-Fi ofisini. Antena ya kawaida ya fimbo hutoa wimbi linalotikisika upande mmoja: ikisimama wima, wimbi hutikisika wima, ikilazwa, hutikisika mlalo. Antena inayopokea nayo hupokea vizuri wimbi linalolingana na mkao wake. Sasa antena ya kitovuni inapozunguka, mkao wake hubadilika: ikianza sambamba na ile ya naseli, baada ya robo mzunguko huwa zimepishana kwa nyuzi 90, baada ya nusu zinalingana tena, na baada ya robo tatu zinapishana tena. Mara mbili katika kila mzunguko mawimbi hushuka kwa desibeli 20 au zaidi, yaani hadi sehemu moja ya mia au chini ya hapo.

Suluhisho la uhakika ni antena yenye wimbi la mzunguko, ambalo mtikisiko wake hujizungusha wenyewe wakati wa kusafiri. Ukiifunga antena ya namna hiyo upande mmoja na ya kawaida upande wa pili, utapoteza desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, lakini upotevu huo ni uleule katika pembe zote. Ukifunga za mzunguko pande zote mbili, hakikisha zote ni za mkono mmoja, ama wa kulia ama wa kushoto, zikitofautiana, zitakataana. Marubani wa droni ndogo hutumia antena hizi na hupatikana kwa bei ya kawaida.

Suluhisho rahisi zaidi ni kuifunga fimbo ya antena ya kitovuni sambamba na mhimili wa shafti, na kufanya vivyo hivyo kwa ile ya naseli. Kwa mkao huo, kuzunguka hakubadilishi uelekeo wa fimbo. Kasoro yake ni kwamba fimbo hutoa mawimbi hafifu kabisa kuelekea ncha zake, kwa hiyo antena mbili zisikae kwenye mstari mmoja zikitazamana kwa ncha. Weka moja juu ya shafti na nyingine kando.

Hesabu ya nguvu hutia moyo. Kwenye hewa wazi, wimbi la gigahezi 2.45 hupoteza karibu desibeli 50 katika mita 3 na desibeli 60 katika mita 10. Redio inayorusha miliwati 1 tu, ikipokewa na redio inayoweza kusikia hadi desibeli 95 chini ya miliwati hiyo, inabaki na akiba ya desibeli 45 katika umbali wa mita 3. Akiba hiyo ndiyo itakayolipia chuma, mianya, mkao mbaya wa antena na unyevu. Kuongeza nguvu ya redio si jambo la kwanza kufikiria. Mara nyingi huongeza pia miakisi, yaani mawimbi yanayogonga chuma na kurudi, ndani ya naseli bila kuziba shimo lililokusumbua, yaani ile pembe ya mzunguko ambapo mawimbi hukatika.

Hatua ya tano: Amua redio ya kitovuni itakula umeme gani

Kama mfumo wa kugeuza mapanga ni wa umeme, kwa kawaida kabati la kitovuni lina volti 24 za mkondo mnyoofu, na redio inaweza kuzitumia kwa fyuzi yake yenyewe na kwa kibali cha maandishi cha mwenye mtambo na mtengenezaji. Bila kibali hicho, usiguse. Dhamana ya mtambo ina thamani kubwa kuliko vihisi vyako.

Betri ni njia ya pili. Betri ya lithiamu ya ukubwa wa D yenye volti 3.6 huwa na uwezo wa karibu ampea-saa 19. Redio inayosikiliza muda wote hula karibu miliampea 20, na betri hiyo itaisha ndani ya siku 40. Ukipanga redio ilale na kuamka kwa ratiba, wastani ukashuka hadi miliampea 2, utapata miezi 13. Kwa mtambo ambao mtu hupanda kitovuni wakati wa matengenezo ya mwaka, miezi 13 ni pembamba mno, kwa hiyo tumia betri mbili au punguza kasi ya kusoma vihisi. Betri ikae kwenye kisanduku kwa namna ambayo urefu wake ni sambamba na shafti. Ikikaa kinyume chake, uzito wake utazibana na kuziachia springi za mguso kila mzunguko, na siku moja mguso utakatika.

Hatua ya sita: Fanya jaribio chini kabla ya kupanda

Jaribio hili linaweza kufanywa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au na fundi yeyote mwenye uwanja wazi. Pindua baiskeli, funga moduli ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye redio ya Wi-Fi) na betri yake kwenye spoku za gurudumu la nyuma, na upande wa pili wa gurudumu funga uzito unaolingana ili lisiyumbe. Weka moduli ya pili mita 3 pembeni, kwenye mstari wa ekseli, iunganishe na kompyuta, na uandike programu fupi inayorekodi nguvu ya mawimbi ya kila pakiti, yaani kila kifungu kidogo cha data kinachotumwa. Zungusha kanyagio polepole. Ukifanya hivyo nje, mbali na kuta na mabati, utayaona kwenye grafu yale mashuko mawili kwa kila mzunguko.

Baada ya hapo tafuta pipa la chuma la lita 200 lenye mfuniko. Iweke moduli ndani, funga, na utazame mawimbi yanavyoanguka. Kisha acha mwanya mwembamba wenye urefu wa sentimita 6 au zaidi kati ya mfuniko na pipa, na utashangaa jinsi mawimbi yanavyorudi, kwa kuwa mwanya wenye urefu wa nusu wimbi hupitisha mawimbi vizuri hata ukiwa mwembamba. Jaribio la pipa hufundisha kutambua matundu ya kitovu kuliko maelezo ya kurasa nyingi.

Hatua ya saba: Panda na ufunge vifaa

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na mvua hizo huja na radi. Miezi ya kiangazi haina radi nyingi, lakini ndiyo yenye upepo mkali zaidi, na kitovu hakiingiwi upepo ukizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtambo. Kinachobaki ni asubuhi tulivu za kiangazi; panga kazi iwe ya saa chache, na vifaa viwe vimeshajaribiwa na kufungwa kwenye mabano yake kabla ya kupandishwa. Ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, wote washuke.

Rota ifungwe kwa pini zake, umeme ukatwe na swichi zifungiwe kwa kufuli na kibao chenye jina la aliyefunga, na asiingie mtu peke yake kitovuni. Wanaopanda wawe na mafunzo ya kufanya kazi kwenye kimo na vifaa vinavyokubalika kwa masharti ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Haya si maneno ya kujazia ukurasa: ndani ya kitovu hakuna nafasi ya kumwokoa mtu haraka.

Usitoboe chuma cha kitovu kwa sababu yoyote. Tundu dogo katika chuma kinachopokea mizigo inayobadilika mamilioni ya mara huweza kuwa mwanzo wa ufa. Funga mabano kwenye kabati zilizopo au kwenye nati ambazo mtengenezaji ameruhusu zitumike, tia gundi ya nati, na uongeze kamba ndogo ya chuma ili kisanduku kikilegea kisianze kurukaruka ndani. Kisanduku kiwe cha kuzuia maji na vumbi, chenye tundu la kupumulia lililozibwa kwa utando, kwa sababu ukungu wa Mufindi asubuhi ukifuatiwa na joto la mchana huvuta unyevu hadi ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa, na maji hayo hayatoki.

Radi inastahili neno la ziada. Mapanga yana vipokezi vya radi na waya mnene unaopeleka mkondo wake kitovuni, kwenye mnara na hatimaye ardhini. Ukitandaza waya wa shaba kutoka kihisi kilicho katikati ya panga hadi redio yako, umeipa radi njia ya pili. Kwa vipimo vilivyo mbali na shina la panga, tumia vihisi vya faiba, ambavyo ni kioo na havipitishi umeme. Vihisi vya mkazo vya kawaida vibaki karibu na shina, na nyaya zake ziwe fupi na zenye ngao iliyounganishwa na chuma cha kitovu. Kiwango cha kimataifa kinachohusika ni IEC 61400-24, nacho kisomwe kabla ya kuchagua njia ya nyaya.

Hatua ya nane: Pima duara zima

Makosa mengi hufanyika hapa. Fundi husimama ndani ya naseli, huona kwenye skrini kwamba nguvu ya mawimbi ni nzuri na pakiti zinazopotea ni asilimia 5 tu, kisha hushuka akiwa ameridhika. Wastani huo unaficha jambo. Asilimia 5 zilizotawanyika ovyo hazina madhara. Asilimia 5 zinazopotea zote katika pembe ileile ya kila mzunguko maana yake ni kwamba hujawahi kuona, na hutaona kamwe, mkazo wa panga linapopita mahali hapo. Na ikiwa mahali hapo ni mbele ya mnara, ambapo upepo hubadilika na mzigo wa panga hushtuka, umepoteza kipande chenye thamani kuliko vingine vyote.

Kwa hiyo kila pakiti ibebe pembe ya rota. Kama mtambo hautoi namba hiyo kwa urahisi, weka kihisi cha mchapuko ndani ya kisanduku: mvutano wa dunia huufanya usomaji wa mhimili mmoja upande na kushuka kati ya takribani mita 9.8 kwa sekunde mraba kila upande, na kutoka hapo pembe hupatikana. Kisanduku kikiwa mita 1 kutoka kwenye mhimili na rota ikizunguka mara 12 kwa dakika, mzunguko wenyewe huongeza mita 1.6 hivi kwa sekunde mraba kuelekea katikati, nayo itolewe kwenye hesabu.

Acha rota izunguke, tuma pakiti 100 kwa sekunde kwa dakika 10, na utakuwa na pakiti 60,000 zilizoenea kwenye mizunguko 120. Zigawe kwa nyuzi: kila nyuzi itapata zaidi ya pakiti 160. Chora grafu ya nguvu ya mawimbi na ya upotevu dhidi ya pembe, kisha uhesabu mashimo.

Mashimo mawili yanayotazamana kwa nyuzi 180 ni dalili ya mkao wa antena, na dawa yake imeelezwa katika hatua ya nne. Shimo moja pana humaanisha kwamba kuna kitu kinachoziba, mara nyingi shafti yenyewe au diski ya kufungia rota, antena ya kitovuni inapopita upande wa pili. Funga antena ya pili ndani ya naseli upande unaokabiliana na ile ya kwanza, na uiache redio ichague yenye mawimbi bora. Mashimo matatu yaliyopishana kwa nyuzi 120 yanatoka kwenye mapanga au kwenye kabati tatu za kitovuni. Jaribu kuisogeza antena mbele, chini ya kofia, au nyuma zaidi ya mashina ya mapanga.

Ukiona mashimo mengi membamba, yasiyo na mpangilio lakini yanayorudi palepale kila mzunguko, hayo ni miakisi. Wimbi hugonga giaboksi, ngazi na kuta, kisha hukutana na lenyewe na kujifuta. Mashimo ya namna hii hupishana kwa kiasi cha nusu wimbi, yaani sentimita 6 hivi, na antena iliyo mita 1 kutoka kwenye mhimili husafiri mita 6.28 kwa mzunguko, hivyo inaweza kupita kwenye makumi ya mashimo. Kuisogeza antena ya naseli kwa upana wa kiganja, au kubadili mkondo, huyahamisha mashimo, ingawa hayamalizi. Antena mbili zilizoachana kwa zaidi ya sentimita 6 hufanya kazi bora zaidi.

Na ikiwa pakiti hupotea bila kufuata pembe yoyote, acha kuilaumu rota. Tafuta Wi-Fi ya kamera, simu mfukoni mwa mwenzako, au kiunganishi cha kebo kilicholegea.

Rudia kipimo mapanga yakiwa yamegeuzwa katika pembe tofauti, na naseli ikiwa imeelekea pande tofauti kama antena yako iko nje ya ganda.

Hatua ya tisa: Panga programu ifuate mzunguko

Mashimo mengine hayatazibika, na programu lazima iyavumilie. Rota ya mizunguko 12 kwa dakika hugeuka nyuzi 72 kwa sekunde, kwa hiyo shimo la nyuzi 20 hudumu karibu sekunde 0.28. Redio nyingi zikikosa jibu hurudia kutuma mara tatu ndani ya milisekunde chache, kisha hukata tamaa. Majaribio yote matatu hufanyika ndani ya shimo lilelile. Zima utaratibu huo au urefushe: pakiti isiyojibiwa iwekwe kwenye foleni na irudiwe baada ya nusu sekunde, wakati antena imeshatoka kwenye shimo. Kumbukumbu ya ndani inayotosha sekunde 10 hadi 30 za data ni kiasi kidogo sana kwa kompyuta ndogo za leo.

Kwa 802.15.4, fremu nzima, yaani pakiti pamoja na anwani zake, haizidi baiti 127. Kwa vipimo sita tulivyovitaja, pakiti 20 kwa sekunde zenye baiti 60 za data kila moja zinakaa vizuri na kuacha nafasi ya namba ya pakiti, pembe na saa.

Kwa kuwa pakiti sasa zinaweza kufika zimechelewa, saa iandikwe kitovuni wakati wa kusoma kihisi, si naseli wakati wa kupokea. Kosa la sekunde 0.1 ni nyuzi 7.2 za mzunguko, kiasi kinachotosha kuharibu ulinganisho wa mkazo wa panga na mtikisiko wa mnara. Fuwele ya kawaida inayoendesha saa ya kifaa, inayokosea sehemu 20 katika milioni hupotoka sekunde 1.7 kwa siku, hivyo redio ya naseli itangaze saa sahihi kila baada ya sekunde chache na ya kitovuni ijirekebishe. Mwisho, washa usimbaji wa AES (kuficha data kwa ufunguo wa siri) ambao redio hizi huwa nao, na ubadilishe ufunguo wa kiwandani.

Hatua ya kumi: Unganisha na mfumo wa mtambo, kisha uache kumbukumbu

Redio ya naseli ipeleke data kwenye kompyuta ya uangalizi iliyotenganishwa na ile ya uendeshaji, au kama mwenye mtambo ameruhusu, iingie kwenye mfumo mkuu kwa kusomwa tu, mara nyingi kwa Modbus, lugha ya mawasiliano ya mitambo ya viwandani. Data ikikosekana, programu ionyeshe kwamba haipo. Isijaze nafasi kwa namba ya mwisho iliyopokelewa, kwa sababu mkazo usiobadilika huonekana kama panga lililotulia.

Katika faili la matengenezo la mtambo weka grafu ya duara zima iliyopatikana siku ya kufunga, picha za mahali antena zilipokaa, namba za mikondo, aina ya betri na tarehe yake. Grafu mpya ichukuliwe kila matengenezo ya mwaka na kila baada ya kitu kikubwa cha metali kuongezwa au kuondolewa ndani ya naseli, kisha ilinganishwe na ile ya kwanza. Mawimbi yakiwa yameshuka kwa kiasi kilekile katika pembe zote, anza na betri na viunganishi vya kebo. Yakiwa yameshuka katika pembe chache tu, panda na taa na utafute kilichosogea.